Mwaka Niliomchagua Sultani

Mzee Kikoti hapigi simu bila sababu, na akipiga hafiki kwenye sababu kabla ya kupita kwenye mvua, bei ya mbolea na afya ya kila mtu mnayefahamiana. Kwa hiyo wiki iliyopita, aliponipigia nikiwa ofisini hapa Mbeya na kuniambia moja kwa moja nikae chini, nilijua kuna jambo. Nilikuwa nimeshakaa. Nikasimama, nikakaa tena, ili nisije nikaonekana sikutii. "Msomi," akasema, kwa sauti anayosomea matangazo kanisani, "Sultani hatunaye." Nililia papo hapo, mbele ya kompyuta. Wenzangu wawili wakaacha kazi. Mmoja akanishika bega, mwingine akauliza kwa upole marehemu alikuwa nani wangu. Nililifikiria jibu kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu aliyefiwa. Hakuwa ndugu. Tuliishi ua mmoja karibu mwaka mzima. Alinidhalilisha mbele ya vitongoji viwili. Nikasema alikuwa jirani. Kufikia saa sita mchana ofisi nzima ilikuwa inaulizana msiba uko wapi na gari litatoka lini, ikabidi nisimame katikati ya chumba nieleze kwamba marehemu alikuwa punda.

Nina miaka thelathini na moja, umri usionipa haki ya kusema "enzi zetu," lakini mwaka ule niliokaa Idodi naukumbuka kama mtu anavyokumbuka ujana wa mtu mwingine. Nilikuwa na shahada ya takwimu na bahasha ya vyeti, na nilikuwa nimeomba kazi sehemu nyingi ambazo hazikunijibu hata kwa kunikataa. Rafiki wa chuoni alinishauri nikakodi nusu eka ya mpunga huko Idodi, Iringa, kwenye njia ya kwenda hifadhini, nilime huku nikisubiri. Nilikuwa mtu wa kupima mambo. Siku ya kuondoka Mbeya nilisimama stendi nikilinganisha mabasi matatu ya Iringa, matairi, sura za madereva, idadi ya abiria waliokwisha kukaa, mpaka yote matatu yakaondoka. Nilifika kesho yake. Ndoo ya kuogea ilinichukua siku tatu kuichagua, na nilipoinunua nikakaa wiki nzima nikiitazama ile ya bluu niliyoiacha dukani kila nilipopita.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho katika ua wa Bi Zuhura, kikitazamana na zizi la punda. Bi Zuhura alikuwa mjane mfanyabiashara wa mchele, mzaliwa wa Iringa mjini lakini mtu wa pwani kwa upande wa babu zake, jambo alilolikumbuka hasa pale chakula kilipopikwa bila nazi. Kuta za vyumba hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo mwaka mzima niliishi na sauti yake kama redio isiyozimwa. Nilimsikia akisali alfajiri. Nilimsikia akimwambia mnunuzi wa mjini kwenye simu kwamba kwa bei hiyo akanunue pumba. Kisha nilimsikia zizini, kwa sauti nyingine kabisa, laini kama ya mtu anayebembeleza mgonjwa, akimuuliza Sultani amelalaje. Sultani alikuwa punda dume, kijivu, mwenye kifua kipana na macho ya mtu aliyesingiziwa. Pembeni yake alilala Shangazi, jike mzee mwenye sikio moja lililopasuka, ambaye sikumtilia maanani hata kidogo. Kosa langu lote lilianzia hapo.

Jioni tulikula ukumbini juu ya mkeka, wali na kambale wa kukaushwa, siku nyingine mlenda. Mzee Kikoti, mwenyekiti wa kitongoji chetu na mzee wa usharika wa Kilutheri, alikuwa na kipaji cha kupiga hodi wakati sufuria inaepuliwa. Tungejibizana kamwene, salamu ya Kihehe, tungeulizana habari za kushinda, Bi Zuhura angemkaribisha, naye angesema ameshakula. Kisha angenawa mikono. Bi Zuhura alizoea kusema kwamba Walutheri hula mara mbili, mara ya kwanza kwao na ya pili ya kushuhudia. Mzee Kikoti alijibu kwamba wali wake ndio unaomchelewesha kumhubiria, maana mtu hahubiri na mdomo umejaa. Mimi nilisikiliza, na hata wakati huo, kijiko mkononi, nilikuwa najiuliza kama nilipaswa kucheka kabla au baada ya Bi Zuhura.

Mashamba yetu yote yalinyweshwa na mfereji mmoja uliotoka mtoni, na juu kabisa, pale mfereji unapoanzia, kulikuwa na banio, ukuta mdogo wa mawe na mbao wa kupandisha maji. Kila mwaka mto uliujeruhi ukuta huo, na kila mwanzo wa msimu vitongoji viwili, Juu na Chini, vilipeleka viroba vya mchanga kuziba pengo. Zamani, wazee walisema, watu walikuwa wakigombana hadi kushikiana majembe kuhusu nani aanze kupata maji. Mwishowe wakakubaliana: kila kitongoji kichague punda mmoja, abebeshwe viroba viwili, waanzie wote ghalani kule chini, na atakayefika banio kwanza watu wake wachukue zamu ya kwanza. Zamu ilikuwa wiki mbili. Kuchapa punda hakukuruhusiwa. Na aliyemchagua punda ndiye alimfuata nyuma kwa miguu, ili asije akasema wengine walimharibia.

Mwaka ule Mzee Kikoti alisema mbele ya mkutano kwamba kitongoji chetu kimeshindwa misimu mitatu mfululizo kwa sababu ya kuchagua punda kwa mazoea, ilhali Mungu ametuletea mtu mwenye digrii ya hesabu. Watu walinigeukia. Nilitaka kueleza kwamba takwimu na mbio za punda ni vitu viwili tofauti, lakini nikaanza kufikiria kama kweli ni tofauti, na nilipomaliza kufikiria mkutano ulikuwa umeshapiga makofi. Kwa upande wa Juu aliyekuwa akichagua ni mwenyekiti wao, Mzee Kalinga, mtu mrefu aliyevaa mabuti ya mpira masika na kiangazi. Alinikuta dukani kesho yake, akanisalimia kwa heshima, akasema amesikia punda wetu mwaka huu watafanya mtihani. Akaomba nimjulishe matokeo yakibandikwa.

Tulikuwa na punda watatu wa kuchagua. Wawili walikuwa wa Mzee Kikoti: Diwani, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alikula mengi na kwenda mahali kwa kuombwa sana, na Mstaafu, aliyekuwa mkongwe kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka alinunuliwa kwa nani. Wa tatu alikuwa Sultani. Nilinunua daftari la kurasa mia moja. Nilipima urefu wa miguu yao kwa utepe wa fundi cherehani. Niliandika walichokula, rangi ya kinyesi, upepo, na hali ya moyo, safu hii ya mwisho nikiijaza kwa makisio. Kisha nikaja na jambo nililoliona la maana kuliko yote, majaribio. Siku zile watu walikuwa wakisafisha mfereji kule juu, na punda walishinda malishoni karibu na banio. Basi kila jioni, kazi ilipokwisha, nilimfunga kila punda viroba viwili vya udongo wa mfereji pale banio, nikamwachia, nikabonyeza saa ya simu, na Bi Zuhura au mtu mwingine aliyekuwa ghalani akanipigia alipofika. Siku tisa. Mtu makini angeuliza kwa nini nilipima kutoka banio kwenda ghalani, wakati mbio zinatoka ghalani kwenda banio. Nilijiuliza mwenyewe, na nikajijibu kwa maandishi, ukurasa wa kumi na mbili: njia ni tambarare, umbali ni ule ule.

Sultani aliwashinda wenzake kwa mbali. Diwani alisimama njiani kula mahindi ya watu. Mstaafu alifika kila siku kwa dakika zile zile, si mbele wala nyuma, kama basi la serikali. Lakini Sultani alikuwa anaruka. Alipita kwenye daraja la magogo bila kupunguza mwendo, viroba vikimpiga mbavuni, masikio yamelala nyuma. Mzee Kikoti, aliyekuwa akinisaidia kufunga kamba, alitazama vumbi likitulia, akasema yeye angemchukua Mstaafu. Nikamwonyesha jedwali. Akalitazama kwa adabu, akalirudisha. "Kurudi, Msomi, hata mimi nakimbia," akasema. "Nyumbani kuna ugali." Nikacheka. Nilidhani ni mzaha, na kwa kuwa nilikuwa mtu wa kuandika kila kitu, niliuandika mzaha huo pembeni ya ukurasa.

Kama ingekuwa ni aibu yangu peke yangu, leo ningeisimulia kwa kucheka tu. Lakini kulikuwa na mbegu. Watu wa kawaida walisubiri kujua zamu ndipo wasie mbegu kitaluni, kwa sababu miche haiwezi kukaa bila maji. Aliyesia mapema akapata zamu ya kwanza alipandikiza mapema, na mpunga wake uliwahi kukomaa kabla ndege hawajaja kwa makundi. Aliyesia mapema akaikosa zamu alizika mbegu. Usiku mmoja wakati wa kula Bi Zuhura aliniuliza, bila kunitazama, akichambua miiba ya samaki, kama ninamwamini yule punda. Nilimweleza kuhusu wastani na jinsi namba zinavyotofautiana nao. Akaniacha nimalize. Akauliza tena, ninamwamini au simwamini. Nikasema ninamwamini. Asubuhi nilipoamka alikuwa ameshaloweka mbegu yake yote, ya eka tatu, na kwenye pembe ya kitalu akaniachia nafasi ya mbegu yangu. Tangu siku hiyo tulikinywesha kitalu kwa ndoo kutoka kisima cha uani, na kila jioni kamba ya kisima ilihitaji kuongezwa urefu. Nilihesabu. Kisima kilikuwa na maji ya kutufikisha siku ya mbio, na siku tatu nne zaidi. Wiki mbili hakikuwa nazo.

Siku ya mbio watu walijaa ghalani tangu saa mbili. Ua wa Bi Zuhura ulikuwa hatua chache kutoka ghalani, na desturi ilikuwa kwamba Chini wapike, kwa kuwa mbio zinaanzia kwao. Kwa hiyo alikuwa na masufuria matatu mekoni na hakutoka hata kuangalia. Shangazi alifungwa zizini, kwa sababu siku hiyo hapakuwa na chai ya kupeleka banio. Nasema hivi kwa sababu siku zote za kusafisha mfereji Bi Zuhura alikuwa akimbebesha Shangazi birika na maandazi kila asubuhi, akaenda kuwauzia wafanyakazi kule juu, na saa sita akarudi naye. Sultani alikwenda malishoni asubuhi nyuma ya Shangazi. Jioni alirudi peke yake. Niliyaona hayo kila siku kwa macho yangu mawili, mswaki mdomoni.

Punda wa Juu aliitwa Kwaresima, na alistahili jina. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Mzee Kalinga alisimama nyuma yake ndani ya mabuti, akitafuna muwa. Mimi nilivaa raba na kufunga kitenge kiunoni, na mfukoni nilikuwa na daftari. Filimbi ikapulizwa. Sultani akatoka kwa mwendo uliofanya watu wetu wapige vigelegele, akampita Kwaresima, akafika kwenye mkuyu wa kwanza, na mimi nyuma yake nikihema na kufikiria kwamba huenda maisha yangu yote yalikuwa yakijiandaa kwa asubuhi hii. Hapo ndipo Shangazi alipolia zizini. Kilikuwa kilio kirefu, cha mtu anayeuliza mwenzake ameenda wapi. Sultani akasimama. Akageuza sikio moja, kisha la pili, kisha kichwa, kisha mwili mzima, na tukawa tunatazamana.

Nilimwomba. Kuchapa kulikatazwa, lakini hakuna aliyekataza maneno, nami nilimwambia Sultani mambo ambayo sijawahi kumwambia mwanadamu. Nilimweleza kuhusu kitalu. Nilimwambia Bi Zuhura amemlea. Nyuma yetu Mzee Kalinga akatufikia, taratibu, Kwaresima akinyanyua mguu mmoja baada ya mwingine kama mtu anayepanda ngazi za benki. Akatema ganda la muwa. "Mpe muda, Msomi," akasema akipita. "Labda anasoma swali." Watu waliotufuata walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mtu wa Chini akapaza sauti kwamba aletwe Shangazi atangulie mbele. Mtu wa Juu akajibu kwamba punda wawili ni msafara, si mbio. Nikanyoosha mikono kumzuia Sultani. Aliniangalia, akanikwepa kwa ustaarabu, akarudi alikotoka kwa kasi ile ile niliyoiandika mara tisa kwenye daftari, viroba vikimpiga mbavuni, masikio yamelala nyuma. Kule mbele Mzee Kikoti alikuwa amevua kofia.

Nilimkuta uani, ameingiza kichwa zizini juu ya shingo ya Shangazi. Kamba zilikuwa zimelegea na viroba vyote viwili vilikuwa vimedondoka karibu na mafiga. Bi Zuhura alisimama na mwiko mkononi, akaviangalia viroba, akaniangalia mimi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi njiani, yenye utangulizi. Hakuyasubiri. Alivuta khanga, akakikalia kiroba kimoja, akaendelea kukoroga.

Saa moja ikapita, na hakuna shangwe iliyosikika kutoka banio. Kisha wakaanza kurudi, kwanza vijana wawili, kisha kundi, mwisho Mzee Kalinga mwenyewe, na uso wake haukuwa wa mshindi. Pengo la banio mwaka ule lilikuwa pana. Viroba viwili vya Kwaresima viliziba nusu tu, na kwenye nusu nyingine maji yalirudi mtoni kana kwamba hawakufanya kitu. Mchanga mzuri haukuwepo karibu, na udongo wa mfereji ungesombwa. Viroba vyetu vilishajazwa na kushonwa. Mzee Kalinga akasema, kwa sauti ya mtu anayeulizia kitu kidogo tu, kwamba wamekuja kuchukua ule mchanga. Bi Zuhura akamkaribisha chakula.

"Mchanga, Bi Zuhura," akasema Mzee Kalinga.

"Kula mtakula. Mchanga umekaliwa."

Bi Zuhura akasema mshindi ni mshindi na zamu ya kwanza ni yao, hilo halibishi, yeye hakuzaliwa jana. Lakini kanuni inasema kila kitongoji kipeleke viroba viwili. Haisemi kwa mwendo gani. Punda wake amechoka. Amekimbia sana, watu wote wameona. Huenda akawa tayari kesho, huenda keshokutwa, mnyama hasemi. Mzee Kalinga akamgeukia Mzee Kikoti na kumuuliza, mwenyekiti kwa mwenyekiti, Mkatoliki kwa Mlutheri ndugu yake katika Kristo, kama hii ni haki. Nilimwona Mzee Kikoti akiteseka. Alikuwa mtu mnyoofu. Akasema chakula kinapoa na kwamba kabla ya yote tuombe. Akaomba. Alimshukuru Mungu kwa mto, kwa banio, kwa ndugu zetu wa Juu na ushindi wao, kisha akageukia miche, aliyoiita viumbe vidogo visivyojua kosa la nani, akaiombea eka kwa eka, na watu wenye njaa wakabaki wameinamisha vichwa huku mvuke wa wali wa nazi ukiwapitia puani. Alipofika mwisho, aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Bi Zuhura.

Mzee Kalinga akauliza anataka nini. Siku mbili, akasema Bi Zuhura. Siku mbili za kwanza maji yashuke moja kwa moja hadi kwenye kitalu chake, yajae, kisha Juu wafunge lango na kuanza wiki zao mbili. Mzee Kalinga alisema siku moja. Bi Zuhura akapakua wali kwenye sinia, akamimina mchuzi juu yake, akaliweka sinia magotini mwake. Mzee Kalinga alitazama watu wake, na watu wake walitazama sinia.

"Siku mbili," akasema. "Kwa sharti moja."

"Sema."

"Mwakani mchaguaji wenu awe huyu huyu Msomi."

Watu walicheka, na Bi Zuhura akacheka nao, akasimama kutoka kwenye kiroba akipangusa khanga. Nami nilicheka, kwa kuchelewa kidogo, kwani nilikuwa bado najumlisha siku za kisima na za kitalu kilichojaa; zilitosha wiki mbili.

Baada ya chakula Shangazi alifunguliwa, akatangulia mtupu, na Sultani akamfuata na viroba vyake hadi banio bila kusimama hata mara moja, kwa kasi iliyotufanya tukimbie. Mimi na Bi Zuhura tuliachwa nyuma. Nilidhani huo ndio wakati wa radhi yangu yenye utangulizi, lakini kilichotoka kilikuwa swali. Nilimuuliza kama alijua. Akasema alijua nini. Nikasema kwamba Sultani haendi juu bila Shangazi.

"Huyo?" akasema. "Tangu azaliwe. Ni mama yake."

Nikasimama barabarani. Nikamuuliza sasa kwa nini alisia mbegu yake yote, kwa nini hakuniambia. Alijibu akiendelea kutembea, bila hasira. Alionekana kama mtu anayeona haya kwa niaba yangu.

"Nilikuona unaandika sana, mwanangu. Usiku taa inawaka, unaandika. Nikasema, basi hilo keshaliona, na dawa yake anayo."

Nimewahi kukosea mambo makubwa zaidi tangu siku hiyo, lakini hakuna neno lililonikaa kama hilo. Nilikuwa nimepima miguu ya punda kwa utepe na kuandika rangi ya kinyesi, nikilala hatua kumi kutoka kwa mtu aliyemwona Sultani akizaliwa na aliyeongea naye kila alfajiri, nami nikisikiliza kila kitu ukutani, na katika siku tisa sikumuuliza swali moja. Yeye naye, aliyejua, aliona kalamu yangu akayanyamazia aliyoyajua. Kati ya makosa hayo mawili, lake ndilo lililonitia hofu. Langu lilitoka kwangu. Lake nililisababisha kwa kukaa tu mezani nikiwasha taa.

Maji yalifika kitaluni kesho yake kabla ya saa tatu asubuhi, kwanza ulimi mwembamba wa tope uliosukuma majani makavu, kisha yakajaa kimya kimya mpaka miche ikasimama ndani yake kama nywele zilizonyolewa jana. Bi Zuhura alisimama ukingoni ameshika viatu. Nusu eka yangu ilikuwa ng'ambo ya pili ya mfereji, ikiwa imelimwa, imepimwa, imegawanywa katika majaruba sita yenye kingo nilizozichora kwanza kwenye karatasi ya miraba. Niliitazama, nikamtazama yeye. Haikuwa rahisi. Nikamuuliza shamba langu analionaje.

Aliguna, mguno mrefu wa mtu aliyeshusha mzigo.

"Kingo zako za chini ni fupi kuliko za juu," akasema. "Maji yote yatatoka. Nimekuwa nikizitazama tangu Desemba."

Akaweka viatu vyake juu ya nyasi, akavuka mfereji, akaniomba jembe. Nikamwambia hapana, anionyeshe tu nianzie wapi.